Ini Likibanwa, Nani Anashikilia Presha?

Presha ya mgonjwa ikipanda mara tu daktari wa upasuaji anapobana mishipa inayoingia kwenye ini, usiharakishe kufurahi. Kazi yangu ni ya usingizi. Nakaa upande wa kichwa cha mgonjwa, macho kwenye monita, na nimewaona wengi, hasa vijana waliotoka chuoni karibuni, wakishusha pumzi pale namba iliyokuwa imelala kwenye 80 inapopanda hadi 110 kabla dakika haijaisha. Nawaelewa kabisa. Mgonjwa ni kijana wa bodaboda, tumbo limejaa damu, na kila mtu mle ndani anatamani kusikia neno zuri. Lakini namba ile haisemi ni damu kiasi gani inayofika kwenye ubongo, figo na utumbo. Inasema tu kwamba damu iliyopo inasukumwa ndani ya mirija iliyokazwa, na walioikaza ni adrenalini na jamaa zake.

Naandika haya kwa ajili ya wanafunzi na wauguzi wa thieta, na pia kwa yeyote aliyewahi kuambiwa koridoni kwamba ndugu yake ini limepasuka, akabaki na maswali hadi leo. Ni jambo ambalo nimelisoma kwa mapenzi miaka mingi, na naamini linaeleweka na mtu yeyote akielezwa kwa utulivu.

Tuanze na ini lenyewe. La mtu mzima hupitisha karibu lita 1.5 za damu kila dakika, kiasi cha robo ya damu yote inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Damu hiyo huingia kwa milango miwili. Ateri ya ini huleta damu mpya kutoka moyoni, nayo ni kama robo ya yote inayoingia. Robo tatu zinazobaki huja kupitia vena ya porta, mshipa mnene unaokusanya damu iliyokwisha kupita tumboni, kwenye utumbo, kongosho na bandama. Damu hii ya pili imeshatumika njiani, lakini kwa wingi wake inalipa ini karibu nusu ya oksijeni linayoihitaji. Yote ikishachujwa hutoka nyuma ya ini na kumwagika kwenye vena kubwa iendayo moyoni.

Kuna mambo mawili hapa ambayo mtu asipoyashika, hayo mengine hayatamwelea. La kwanza ni kwamba vena ya porta hufanya kazi kwa msukumo mdogo sana, milimita 5 hadi 10 tu za zebaki, wakati ateri inatembea na 90 au 100. Kizuizi kidogo mbele yake kinatosha kuirudisha damu nyuma. La pili ni kwamba ini na utumbo ni ghala. Ini peke yake hukaa na karibu mililita 450 za damu, na ukijumlisha utumbo na bandama unapata kama robo ya damu yote ya mwili. Mtu akijeruhiwa, homoni huamuru ghala hilo lijikunje na kuitoa damu hiyo iende moyoni. Ndiyo sababu mtu mwenye afya anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita ya damu na presha yake isionyeshe chochote.

Sasa, kubana. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, daktari wa upasuaji wa Glasgow Royal Infirmary ambaye alizaliwa Australia, aliandika kuhusu watu waliofikishwa hospitalini na maini yaliyopasuka kwa ajali. Wakati huo hapakuwa na damu ya kuongezewa, na usingizi ulikuwa wa etha na klorofomu. Wengi wa wagonjwa wake hawakupona. Hata hivyo alichokiona akiwa nao ndicho tunachokitumia mpaka leo. Mbele ya ini kuna utepe wa nyama laini ambamo vena ya porta, ateri ya ini na mrija wa nyongo hupita pamoja, na nyuma ya utepe huo kuna tundu ambalo kidole kinaingia. Kidole gumba mbele, kidole cha shahada nyuma, unabana, na ini linaacha kumwaga damu kwa muda wa kutosha daktari kuona anashona nini. Pringle alikwenda kulijaribu wazo hilo kwa sungura ili ajue kama mwili unaweza kuvumilia. Kila thieta ya upasuaji wa tumbo duniani sasa inalijua jina lake.

Kubana huko kunatoa pia habari ambayo picha ya skani haiwezi kukupa kwa haraka ile. Damu ikikoma, mshipa uliokatika ni wa kuingia. Ikiendelea kububujika hata baada ya kubana, basi jeraha liko nyuma, kwenye vena zinazotoka ini au kwenye vena kubwa yenyewe. Hapo sura ya daktari wa upasuaji hubadilika, na mimi naagiza damu zaidi bila kusubiri kuambiwa.

Upande wangu wa pazia, hili ndilo linalotokea. Damu ya utumbo imekosa njia. Moyo unaendelea kuipeleka utumboni kwa ateri, lakini mlango wa kurudi umefungwa, kwa hiyo inajaa kwenye utumbo na bandama. Waliowahi kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi enzi za kabla ya daraja watakumbuka hali hiyo: kivuko kikiharibika, magari yanarundikana upande mmoja, na upande wa pili unakaa mtupu ukingoja. Upande mtupu hapa ni moyo. Vipimo vilivyofanywa kwa wagonjwa waliobanwa ini katika upasuaji wa kupangwa, bila ajali na bila kupoteza damu nyingi, vilionyesha kwamba damu inayosukumwa na moyo kwa dakika hupungua kama kwa sehemu moja ya kumi. Presha, badala ya kushuka, hupanda kidogo.

Mwanafunzi akisikia hivyo anadhani nimekosea. Damu imepungua, presha imepandaje? Jibu ni kwamba presha ni zao la vitu viwili, wingi wa damu inayosukumwa na ugumu wa mirija inamopita. Wingi ukishuka na presha ikapanda, basi ugumu umeongezeka kupita upungufu ule. Mirija midogo ya mwili mzima imejikaza. Kwa kijana wetu wa bodaboda kuna na sababu ya ziada, kwamba amepumzika kuvuja, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini nafuu hiyo imechanganyika na mkazo, na monita haiwezi kuzitenganisha.

Mkazo unatoka wapi? Kuna vihisio shingoni na kwenye ateri kuu vinavyopima mvutano wa ukuta wa mshipa kila pigo la moyo. Vikihisi pungufu, ubongo unatuma amri kwa mishipa ya fahamu ya dharura, na amri hiyo inafika sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mirijani inamwaga noradrenalini. Kwenye tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia, inamwaga adrenalini moja kwa moja kwenye damu. Yote haya huchukua sekunde. Nyuma yake zinakuja homoni za mwendo wa polepole: vasopresini kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, inayokaza mirija na kuzuia mkojo; renini kutoka kwenye figo, inayoanzisha mnyororo wa angiotensini na aldosteroni; na kotisoli, ambayo hupanda kwa upasuaji wowote mkubwa hata usipogusa ini.

Ila kubana ini kuna kichocheo chake cha pekee. Utepe ule wa Pringle umejaa mishipa ya fahamu, na inaonekana kuminywa kwake kunapeleka ujumbe wa dharura wenyewe. Madaktari waliodunga dawa ya ganzi kwenye utepe huo kabla ya kubana waliona presha haipandi kama kawaida. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito. Kama upungufu wa damu ndio ungekuwa sababu pekee, ganzi isingebadilisha kitu.

Hapa niruhusiwe kurudi nyuma kidogo, kwa sababu uhusiano kati ya ini na homoni za dharura una historia ninayoipenda. Mwaka 1921 Walter Cannon wa Harvard na mwenzake Uridil walichukua paka ambaye moyo wake ulikuwa umekatwa mishipa yote ya fahamu, kiasi kwamba ubongo haukuweza tena kuuamuru. Kisha wakaisisimua mishipa ya fahamu ya ini. Moyo ukaenda mbio. Hapakuwa na waya wowote kati ya viungo hivyo viwili, kwa hiyo lazima kitu fulani kilikuwa kimetoka kwenye ini na kusafiri na damu. Ilichukua miaka 25 hadi Ulf von Euler, kule Stockholm, alipoonyesha mwaka 1946 kwamba kemikali ya mishipa hiyo ya fahamu ni noradrenalini. Kila ninapoona mapigo yakiongezeka dakika ile ile ini linapoguswa, huwa namfikiria yule paka.

Ini lina kazi nyingine kwenye habari hii, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni mahali ambapo homoni hizi huvunjwavunjwa. Utumbo na viungo jirani hutoa noradrenalini nyingi sana kila siku, lakini karibu yote huishia kwenye ini kabla haijafika kwenye damu ya mwili mzima. Aldosteroni ikipita kwenye ini mara moja, karibu yote huondolewa. Kotisoli nayo huvunjwa hapo. Ukilifunga ini, unaongeza uzalishaji wa homoni na papo hapo unamfungia mtu wa kuziondoa.

Uzito wa jambo hilo unategemea muda. Adrenalini huishi damuni dakika mbili tatu tu, na viungo vingine pia vinaweza kuivunja. Kotisoli huchukua zaidi ya saa moja kupungua nusu hata ini likiwa zima, kwa hiyo dakika 15 za kubana hazina athari kubwa kwake. Inayopanda wakati huo inatokana na kisu, si na mlango uliofungwa. Nimewasikia watu wakilaumu kotisoli kwa kila kitu kinachotokea mezani. Siungani nao. Katika kubana kwa dakika chache, walioshika usukani ni noradrenalini na vasopresini. Kotisoli ina zamu yake kwa mgonjwa ambaye ini limeugua siku nyingi, nitafika huko.

Dawa zetu zinaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Fentanili, ketamini, lignokaini na propranololi zote hutegemea damu ipite kwenye ini ndipo zipungue. Ini likifungwa, dozi niliyotoa inakaa. Na ketamini, ambayo hospitali zetu nyingi zingeshindwa kufanya kazi bila hiyo, inapandisha presha kwa kuitoa noradrenalini ya mgonjwa mwenyewe. Kwa mtu ambaye amekuwa akivuja tangu saa mbili usiku na akiba yake ya homoni imekwisha, ketamini ile ile inaweza kuishusha presha, maana hakuna kilichobaki cha kutoa. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta ambayo ilitawala thieta zetu kwa miongo, ina ubaya wa pande mbili: hupunguza damu inayokwenda kwenye ini, na huufanya moyo uwe mwepesi wa kupiga ovyo adrenalini inapopanda. Pale ambapo isofurani imefika, mgonjwa wa ini anastahili hiyo.

Halafu kuna sukari. Adrenalini na glukagoni, homoni ya kongosho, kazi yake moja ni kuliamuru ini litoe glukosi kutoka kwenye akiba yake ya glaikojeni, ili misuli na ubongo vipate nguvu ya kupambana. Ini likiwa limebanwa, amri inatolewa lakini haifiki, na hata ingefika, glukosi isingekuwa na damu ya kuibeba. Klempu, yaani kibanio cha mishipa, ikifunguliwa, amri zote zilizokuwa zimerundikana hufika pamoja, na ini lililonyimwa oksijeni limeshaanza kuvunja akiba yake lenyewe. Sukari inaruka. Aliyetega kipimo cha kidole nusu saa baadaye na kukuta milimoli 14 kwa lita asidhani mgonjwa ana kisukari.

Kufungua ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko kubana. Damu iliyokaa utumboni imekuwa na asidi, imebeba potasiamu iliyotoka kwenye seli zilizokosa hewa, na imebeba sumu za bakteria wa utumbo ambazo seli za ulinzi za ini kwa kawaida zingezimeza. Mzigo huo unaelekea moyoni kwa mkupuo. Wakati huo huo ini na utumbo vinafungua mirija na kunyonya damu upya, na ule ujumbe wa kukaza uliokuwa unatoka kwenye utepe uliobanwa umekatika. Presha inaporomoka. Kwa mgonjwa ambaye presha yake nzuri ilikuwa imeshikiliwa na mkazo peke yake, bila damu ya kutosha ndani, anguko huwa kubwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila daktari wa upasuaji ninayefanya naye kazi: niambie kabla hujafungua, na ufungue polepole. Dakika hizo mbili nazitumia kuingiza damu, kuweka kalsiamu tayari ya kuukinga moyo dhidi ya potasiamu, na kuvuta adrenalini kidogo kwenye sindano. Hospitali ya mkoa haina mashine ya kupima damu inayotoka moyoni, lakini ina vitu vingine. Shika mguu wa mgonjwa: ukiwa wa baridi huku presha ni 120, mirija imekazwa. Tazama mfuko wa mkojo. Bonyeza kucha uone rangi inarudi baada ya muda gani. Na kama una kipimo cha kabonidayoksaidi kwenye pumzi, kipende kuliko kipimo cha presha, kwa sababu hewa hiyo hufika mapafuni ikibebwa na damu. Damu ikipungua, namba yake inashuka hata kama presha imesimama imara. Ukifungua klempu namba hiyo huruka juu, na huo ndio uthibitisho kwamba damu ya utumbo imefika.

Wapo wanaofunga zaidi ya alivyofunga Pringle. Uvimbe ukiwa umekumbatia vena kubwa nyuma ya ini, daktari hubana mlango wa kuingia pamoja na vena kubwa yenyewe, chini na juu ya ini. Hapo hata damu ya miguu na figo haina njia nzuri ya kurudi, na moyo unaweza kupoteza karibu nusu ya kile unachosukuma. Mapigo huongezeka sana, mirija hukazwa kupita kiasi, na waliopima damu ya wagonjwa hao wakati wa kubana wamekuta noradrenalini na vasopresini zimepanda. Baadhi ya wagonjwa hawavumilii kabisa na klempu inabidi itolewe.

Thomas Starzl alipofanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu, Denver, Machi 1963, alikuwa ameshajifunza kwa mbwa kwamba mnyama anakufa ukifunga njia hizo bila kuipa damu mchepuko. Mtoto wa miaka 3 aliyefanyiwa upasuaji huo alikufa mezani kwa kuvuja damu. Kwa waliofuata, mirija ya plastiki iliyowekwa kuivusha damu kuelekea moyoni ilitengeneza mabonge, na mabonge yakaenda mapafuni. Ilibidi kungoja hadi 1967 ndipo mgonjwa aishi mwaka mmoja na zaidi, na hadi miaka ya 1980 ndipo Pittsburgh walipotumia pampu ya kuvusha damu bila kuganda. Hapo Pittsburgh pia ndipo walipolipa jina anguko la presha baada ya ini jipya kufunguliwa: presha kushuka kwa zaidi ya asilimia 30, kwa dakika moja au zaidi, ndani ya dakika 5 za kwanza. Ukisoma maelezo hayo ukiwa umekaa kwenye thieta ya wilaya na kijana wa bodaboda mezani, utagundua ni jambo lile lile, limekuja tu likiwa kubwa zaidi.

Masatoshi Makuuchi wa Japani alieneza utaratibu ambao wengi wetu tunaufuata: dakika 15 za kubana, dakika 5 za kuachia, kisha tena. Ini linapata kupumua, utumbo unapata kujimwaga, na homoni zinapata kuondolewa. Daktari anapoteza damu kidogo kila anapoachia, na wapo wanaokereka kwa hilo. Mimi nazitetea zile dakika 5 kwa nguvu zangu zote.

Mpaka hapa nimeongelea mlango unaofungwa kwa dakika. Kuna unaofungwa kwa miaka, na huo ndio tunaokutana nao zaidi huku kwetu kanda ya Ziwa.

Kwenye visiwa vya Ukerewe na fukwe za Mwanza, minyoo wa kichocho cha tumbo hutaga mayai ambayo mengine husafirishwa na vena ya porta hadi kwenye matawi yake madogo ndani ya ini. Yanakwama humo. Mwili unayazungushia kovu, na kovu kwa kovu matawi yanageuka kuwa kama mirija migumu, kama alivyoyaeleza daktari Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Misri, mwaka 1904. Vena ya porta inabanwa kidogo kidogo, bila klempu na bila mtu kuamua. Cha kustaajabisha ni kwamba seli za ini huendelea kufanya kazi vizuri muda mrefu, kwa sababu damu ya vena inapopungua, ateri ya ini hujipanua kufidia. Wayne Lautt wa Kanada alieleza fidia hiyo mwaka 1981, na akaonyesha kwamba kemikali iitwayo adenosini ndiyo inayoisimamia. Kwa hiyo mvuvi anakuja akiwa hana macho ya njano, ana nguvu zake, ila bandama imefika kitovuni. Siku moja anatapika damu beseni zima, kwa sababu damu iliyonyimwa njia ya ini imejipitishia kwenye vena nyembamba za koo la chakula na moja imepasuka.

Pale ambapo ini lenyewe limejaa makovu, kwa pombe au kwa homa ya ini ya virusi B, homoni huingia kwa namna ya kusikitisha. Mirija ya utumbo inalegea na kupanuka, damu inakusanyika huko, na vihisio vya shingoni vinasoma upungufu. Mwili unajibu kama vile mtu anavuja: noradrenalini, renini, aldosteroni, vasopresini, mchana na usiku, kwa miezi. Figo zinakazwa na kushika chumvi na maji. Tumbo linajaa maji, miguu inavimba, na mwishowe figo zenyewe zinaacha kutoa mkojo ingawa hazina ugonjwa wowote ndani yake. Na hapa ndipo zamu ya kotisoli inapofika. Tezi za adrenali hutengeneza kotisoli kutokana na kolesteroli inayotoka kwenye damu, nayo kwa sehemu kubwa huandaliwa na ini. Ini likichoka, tezi zinakosa malighafi. Mgonjwa wa namna hiyo akipata maambukizi, anaweza kushindwa kuinua presha hata ukimmiminia dripu na dawa, kwa sababu kotisoli haitoshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Didier Lebrec na wenzake, katika hospitali ya Beaujon karibu na Paris, waliwapa wagonjwa wa ini waliokwisha kutapika damu propranololi, dawa ya bei nafuu inayozuia adrenalini isifanye kazi kwenye moyo na mirija. Walipandisha dozi hadi mapigo ya moyo yalipopungua kwa robo. Wagonjwa hao walitapika damu tena mara chache mno kuliko wenzao. Nadhani huo ni mmoja wa ushindi mzuri zaidi wa tiba ya karne iliyopita, kwa sababu hawakugusa ini wala kufungua njia. Walinyamazisha amri ya homoni, na damu inayosukumwa kuelekea kwenye mlango uliofungwa ikapungua. Dawa hiyo inapatikana hata kwenye hospitali za wilaya. Haifai kununuliwa dukani bila daktari, kwani mwenye pumu inaweza kumletea hatari, na mgonjwa ambaye presha yake tayari imeshuka anaweza kuzimia. Kwa dharura ya kutapika damu kuna telipresini, ambayo ni ndugu wa kutengenezwa wa vasopresini ile ile, inayokaza mirija ya utumbo. Hiyo ni ghali na mara nyingi hatuna.

Lakini kwa kichocho, mlango huu usingehitaji kufungwa kabisa. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inaua minyoo kwa dozi inayomezwa siku moja, na kwa mtoto hata makovu ya mwanzo yanaweza kupungua. Kwa miaka mingi kampeni zimelenga watoto wa shule, na ni sawa waanziwe wao. Mvuvi anayeingia majini kila usiku, mama anayefua ufukweni na kijana anayechimba mchanga wamebaki nje ya foleni, wakidhani dawa ile ni ya wanafunzi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba maeneo ambayo mtu 1 kati ya 10 au zaidi ana maambukizi, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Kama unaishi mwaloni, au ulikulia huko na sasa uko mjini, nenda zahanati ukapimwe choo, na uombe pia mtu mwenye mashine ya ultrasaundi akutazame bandama.